UZI: Mkanda wa feni umebadilishwa mpya lakini bado unalia. Tuchambue chanzo kabla ya kununua mwingine

#1 mshale77

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada wa wenye uelewa.

Gari ni injini ya petroli lita 1.8. Huo mkanda tunaouita wa feni ni mmoja, wa 6PK (wenye mbavu sita, yaani mistari iliyoinuka upande wa ndani), unaozungusha alteneta (inayochaji betri), pampu ya steringi, kompresa ya AC na wota pampu (pampu ya maji ya kupozea injini). Tenshena, yaani kifaa cha kukaza mkanda, ni ya springi, siyo ya kukaza kwa bolti. Kelele ziko za aina mbili:

Ya kwanza, ikiwashwa asubuhi inalia "chwiiiiii" ndefu kwa sekunde kadhaa, halafu inanyamaza. Ukikata steringi hadi mwisho inarudi.

Ya pili, injini ikishapata moto na ikiwa silensa (inazunguka polepole bila kukanyaga mafuta), kuna "chwi, chwi, chwi" fupi fupi. Ukikanyaga mafuta zinaongeza kasi sambamba na injini.

Mkanda umefungwa mpya, kelele zikapotea kwa muda, sasa zimerudi zote mbili. Ushauri niliopewa ni kununua mkanda mwingine wa bei kubwa zaidi. Je, kuna njia ya kupima kabla ya kutoa hela?

---

#2 Spana13

Mkuu, umefanya vizuri sana kuzitenganisha hizo kelele, maana wengi huandika tu "mkanda unalia" na hapo hakuna wa kukusaidia. Hizo mbili ni magonjwa mawili tofauti.

Mlio mrefu unaoongezeka injini inapobebeshwa mzigo ni wa mkanda kuteleza juu ya puli (magurudumu unayopita). Maana yake mkanda haushiki vya kutosha: umelegea, tenshena imechoka, uso wa mkanda umekuwa laini na unang'aa, kuna oili au kulanti (maji ya kupozea injini) imeurukia, au kuna kifaa kimekuwa kizito kuzunguka.

Mlio mfupi unaojirudia kama wa ndege, unaofuata mzunguko wa injini, mara nyingi ni wa puli kutokaa kwenye mstari mmoja. Ubavu wa mkanda unaingia kwenye mfereji wa puli kwa pembeni, unasugua ukuta wa mfereji, kisha unashuka kwa ghafla mahali pake. Kila unaposhuka ndiyo hiyo "chwi" unayoisikia.

Mkanda mpya huficha yote mawili kwa muda, kwa sababu uso wake haujasuguliwa na mbavu zake zimejaa. Uso ukishasuguliwa, tatizo linarudi. Ndiyo maana kununua wa tatu hakutakusaidia.

Kipimo cha kwanza ni maji. Chukua chupa ya kupulizia, maji safi matupu, bila sabuni. Injini iwe silensa na kelele iwepo. Pulizia kidogo upande wa mbavu, siyo mgongo wa mkanda, mahali palipo mbali na alteneta. Mipulizio miwili mitatu inatosha, usimwage. Kisha sikiliza:

– Kelele ikipotea au kupungua kwa sekunde kadhaa halafu ikarudi maji yanapokauka: tatizo ni mstari wa puli.
– Kelele ikiongezeka papo hapo: mkanda unateleza, angalia mkazo.
– Isipobadilika kabisa: acha mkanda, tafuta beringi.

Fanya kipimo hiki mara mbili, kila kelele kwa wakati wake. Kwa ile ndefu, mtu mwingine akate steringi wakati wewe unapulizia.

Usalama usiuchezee: mikono mirefu ya shati, skafu, kamba ya kitambulisho, nywele ndefu, vyote vifungwe au vivuliwe. Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

---

#3 FundiUmeme_T

Naongezea upande wa mzigo, kwa sababu ile kelele ya asubuhi ina maelezo yake.

Stata ikishapiga, betri inakuwa imepungua na alteneta inaanza kuijaza kwa nguvu zote. Alteneta ikitoa ampea 80 kwa volti 14, hiyo ni wati 1,120 za umeme. Kwa kuwa yenyewe hupoteza sehemu kubwa kama joto, mkanda unalazimika kuibeba kwa karibu kilowati 2. Puli ya alteneta ndiyo ndogo kuliko zote, mkanda unaigusa kwenye eneo dogo, kwa hiyo utelezi huanzia hapo. Betri ikishajaa kiasi, mzigo unashuka na kelele inakufa. Ndiyo zile "sekunde kadhaa" zako.

Kwa hiyo kabla ya kuulaumu mkanda, pima betri. Gari ikiwa imelala usiku kucha, multimita isome karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 kushuka chini, betri ni nusu au chini ya nusu, na kila asubuhi alteneta itafanya kazi ya ziada. Injini ikiwaka, usomaji uwe kati ya 13.8 na 14.5. Magari ya karibuni yenye kompyuta inayoongoza uchajishaji yanaweza kupanda au kushuka nje ya hapo, hilo usilishangae.

Kisha pima mzigo mmoja mmoja, injini ikiwa silensa:

Washa taa kubwa, feni ya ndani hadi mwisho na hita ya kioo cha nyuma. Ikilia, mzigo wa alteneta ndio unaoiliza. Zima vyote, washa AC. Ikilia pale tu klachi ya kompresa inapobana, angalia kompresa. Zima AC, kata steringi hadi mwisho, usiishikilie pale zaidi ya sekunde 5 kwa sababu pampu inapata joto kali. Ikilia, ni mzigo wa pampu.

Angalizo: kama gari ina steringi ya umeme hakuna pampu ya mafuta, lakini ukikata steringi bado inaweza kulia, kwa kuwa mota yake inavuta umeme mwingi na mzigo unaishia kwa alteneta ile ile. Wewe umesema una pampu, basi fuata ya pampu.

---

#4 kibuyu_cha_oili

Mkuu usijisumbue, kuna dawa ya kupulizia mkanda, inanyamaza hapo hapo. Ukikosa, sugua sabuni ya kipande.

---

#5 MamaGereji

Ndugu yangu kibuyu, hiyo inanyamazisha kelele na kuharibu mkanda. Dawa za kunatisha mkanda zilitengenezwa zaidi kwa mikanda ya zamani ya ngozi na ile ya V. Kwenye mkanda wa mbavu, ule unato unakusanya vumbi na mchanga ndani ya mifereji, halafu mchanganyiko huo unakula mbavu na puli kwa pamoja. Sabuni yenyewe ni ya kuteleza: inaondoa msuguano, kelele inaisha kwa kuwa mkanda sasa unateleza kimya kimya. Na kwa kuwa hapa mkanda huo huo unazungusha wota pampu, ukiteleza kimya injini inapata joto na dereva hana taarifa.

Dawa za kupenyeza kutu za kwenye makopo ndiyo mbaya zaidi. Zina mafuta, na raba ya mkanda ikinywa mafuta inavimba na kuwa laini. Ukishaona mkanda umevimba au mbavu zinabonyea kwa ukucha, hausafishiki, unatupwa. Na kabla hujafunga mpya, tafuta oili imetoka wapi: gasketi ya kava la tapeti, sili ya mbele ya krenki (shafti kuu ya injini), mpira wa pampu ya steringi. Kulanti nayo kagua kama inatoka kwenye tundu dogo la chini la wota pampu. Ukiona pale ukoko uliokauka wa rangi ya waridi, kijani au mweupe, pampu imeanza kuvuja hata kama hujaona tone chini ya gari.

Mshale, leta majibu ya kipimo cha maji ndipo tuendelee.

---

#6 mshale77

Nashukuru sana wakuu. Majibu haya hapa.

Maji kwenye "chwi chwi": inapotea kabisa, kisha inarudi maji yakikauka. Maji wakati steringi imekatwa: kelele ndefu inaongezeka, tena sana.

Betri asubuhi inasoma 12.5, injini ikiwaka 14.2. Taa na hita vikiwaka inalia kidogo. AC hailii. Steringi ndiyo inalia zaidi.

Mkanda nimeuangalia kwa tochi, hauna ufa hata mmoja.

---

#7 MamaGereji

Basi una yote mawili, mstari na mkazo. Hilo si jambo la ajabu, kwa sababu tenshena iliyochoka huleta yote mawili kwa mpigo. Tuanze nayo.

Kwanza, kutokuwa na ufa hakukupi taarifa yoyote. Mikanda ya zamani ya neoprini ndiyo ilikuwa ikipasuka, na kanuni ya kuhesabu nyufa ilitokana nayo. Mikanda mingi ya kuanzia miaka ya 2000 ni ya raba ya EPDM. Hii haipasuki mapema, inapungua kama tairi: mabonde kati ya mbavu yanapanuka, mkanda unazama ndani zaidi ya puli, hadi ncha za puli zinagusa sakafu ya mabonde. Hapo kabari ya mbavu kwenye mfereji inapotea na mkanda unateleza, wakati kwa macho unaonekana mzima. Upungufu wa asilimia 5 hadi 10 tu ya raba ya mbavu unatosha kuleta kelele. Kuna vipimo vidogo vya plastiki vya kuweka kwenye bonde la mkanda: kikibaki juu ya mbavu mkanda ni mzima, kikizama sawasawa nazo umekwisha. Na mkanda uliopungua hivyo hulia zaidi siku za umande na mvua, maana maji yanakosa pa kukimbilia. Wako ni mpya, kwa hiyo hapa nasema kwa faida ya wengine wanaosoma.

Sasa tenshena. Injini imezimwa, weka spana ndefu kwenye kichwa cha tenshena, izungushe taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho wa mwendo wake, kisha irudishe taratibu. Isikwame, isirukeruke, isitoe mlio wa kusaga. Ikirudi kivivu au ikikwama katikati, springi au bushi yake imekwisha. Angalia pia alama: tenshena nyingi zina mshale kwenye mkono na mistari miwili kwenye mwili. Mshale ukiwa nje ya mistari, ama mkanda una urefu usio sahihi, ama umerefuka.

Washa injini, iache silensa, tazama mkono wa tenshena kwa pembeni. Kutetemeka kidogo ni kawaida. Ukiona unapiga mbele na nyuma waziwazi, milimita 5 au 6 na zaidi, kizuia mtikisiko cha ndani kimekufa, au kuna puli inayoutikisa mkanda (FundiUmeme atakuja kueleza puli ya alteneta).

Halafu tazama puli laini, zile za aidla (puli ya kuuelekeza mkanda tu) na tenshena ambazo mgongo wa mkanda unapita juu yake. Hizi zinaongea sana. Mkanda ukipita unaacha njia inayong'aa. Njia hiyo iwe katikati ya puli. Ikiwa imehama upande mmoja, mpaka mkanda unakaribia kuning'inia ukingoni, kuna puli haiko kwenye mstari. Chunguza pia kingo za mkanda wenyewe: nyuzi zilizochomoza upande mmoja tu, au ubavu wa mwisho uliolika kuliko wenzake, ni ushahidi huo huo.

---

#8 Nyundo_ya_Shaba

Kupima mstari kwenyewe kuna ujanja. Wengi huweka rula ya chuma kwenye kingo za puli mbili, wakiona mwanga wanasema haiko sawa. Kosa ni kwamba kingo za puli hazina unene sawa. Puli moja ina ukingo wa milimita 2, nyingine 4, na zote ziko sahihi. Pima kwa mifereji, siyo kingo. Kama mkanda umetoka, laza kipande cha fimbo nyembamba iliyonyooka ndani ya mfereji wa tatu wa puli ya krenki, ielekee puli nyingine, uone inaangukia mfereji wa ngapi. Kipimo cha mwanga wa leza kinachokaa kwenye mifereji kinarahisisha, lakini si lazima.

Kiasi cha kutilia shaka ni milimita 1.5 hivi kwa kila sentimita 30 za umbali kati ya puli mbili. Umbali ukiwa mfupi, hata milimita 1 inaweza kutoa mlio. Kwa hiyo anza na puli mbili zilizo karibu zaidi, zote mbili zikiwa za mifereji, maana hapo mkanda hauna nafasi ya kujirekebisha.

Sababu za mstari kupotea, kwa mpangilio wa jinsi zinavyopatikana mara nyingi:

Puli ya pampu ya steringi. Hii huingizwa kwa kugandamizwa kwenye shafti. Pampu ikibadilishwa na puli isipofikishwa mahali pake, au ikapitilizwa, mstari umeharibika. Kwenye nyingi, uso wa puli hulingana na ncha ya shafti. Isigongwe kwa nyundo, kuna kifaa cha kuivuta.

Alteneta iliyofungwa upya. Kwenye sikio lake kuna bushi ya chuma inayoteleza ili kubana breketi. Ikiwa na kutu, alteneta inakaa imeinama. Hapo siyo milimita, ni pembe, na rula ya kawaida inaweza isikuonyeshe.

Tenshena iliyolegea kwenye egemeo, puli inalala upande.

Na ya mwisho, ambayo watu huisahau: puli ya krenki yenyewe. Kwenye injini nyingi siyo chuma kimoja. Ni kitovu cha ndani, pete ya nje, na katikati yao raba iliyobanwa kuzuia mtikisiko wa krenki. Raba ikizeeka au ikilowa oili, inaachia. Pete ya nje inazunguka kidogo peke yake na inatembea mbele au nyuma. Hapo kila puli utakayoikagua utaikuta haiko sawa na krenki, kumbe krenki ndiyo imehama.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa baridi, chora mstari mmoja mnyoofu kwa rangi au chaki ya kuandikia tairi, kutoka kitovu hadi pete ya nje, ukivuka raba. Endesha gari kama kawaida, kisha angalia. Mstari ukiwa umekatika, upande wa nje haukutani tena na wa ndani, puli imekwisha. Angalia pia raba: ikichomoza, ikiwa na nyufa au imetoka nusu, usisubiri chaki.

---

#9 mshale77

Mkuu Nyundo, njia ya mkanda kwenye aidla iko pembeni, karibu na ukingo wa mbele. Tenshena inapiga, kwa macho naona kama milimita 8. Chaki nimechora, nitaleta jibu.

---

#10 ndoo_ya_kulanti

Naomba kuingilia. Yangu ni ya zamani, ina mikanda miwili ya V, inakazwa kwa bolti ya alteneta. Hakuna tenshena. Kipimo cha mkazo ni kipi?

---

#11 Spana13

Ndoo, bonyeza katikati ya sehemu ndefu kati ya puli mbili kwa nguvu ya kilo 10 hivi, yaani kidole gumba kwa nguvu ya kweli. Ushuke kama milimita 10, lakini kitabu cha gari lako ndicho kina namba halisi, na mkanda mpya hukazwa zaidi ya uliotumika. Kwa vitabu vya Toyota, mkanda ukishazunguka zaidi ya dakika 5 unahesabiwa umetumika. Kwa hiyo ukifunga mpya, washa injini, izime, upime tena, kwa sababu unajilaza kwenye puli na kulegea.

Usikaze kupita kiasi ili kuua kelele. Mkanda uliokazwa sana unavuta shafti upande, na beringi ya alteneta au wota pampu itakufa mapema. Mkanda wa V ukae kwenye kuta za puli. Ukiona sakafu ya puli inang'aa, mkanda umelika hadi unakaa chini, hata ukikaza vipi utateleza.

---

#12 FundiUmeme_T

Mshale, tenshena kupiga milimita 8 kunaweza kuwa kosa lake au la puli ya alteneta, kwa hiyo angalia ya pili kabla hujanunua ya kwanza.

Alteneta nyingi za siku hizi zina puli ya kuachia: inavuta rota (sehemu ya ndani ya alteneta inayozunguka) upande mmoja, upande wa pili inaiacha izunguke. Sababu ni kwamba rota ni nzito na inazunguka karibu mara 3 ya kasi ya krenki. Krenki haizunguki sawasawa, kila silinda ikilipuka inaruka mbele kisha inapungua. Bila puli ya kuachia, rota inang'ang'ania kasi yake kila krenki inapopungua, mkanda unavutwa huku na huku, na tenshena ndiyo inayolipa.

Toa mkanda, bandua kifuniko cha plastiki, shikilia rota isizunguke (mara nyingi kwa bisibisi kupitia matundu ya hewa ya nyuma kwenye feni ya rota, kwa uangalifu), zungusha puli kwa mkono. Upande mmoja ibane mara moja, upande mwingine izunguke huru. Kuna aina yenye springi ndani: upande wa kubana unahisi springi ikisukuma nyuma. Ikibana pande zote mbili imeganda. Ikizunguka huru pande zote mbili imekatika, na alteneta haichaji vizuri.

Dalili nyingine: panda hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, zima injini ghafla. Ukisikia mvumo wa kusaga kutoka kwenye alteneta unaoendelea baada ya injini kusimama, beringi ya puli inaelekea mwisho.

Kitu kimoja naomba sana: puli ya kuachia ikifa usiweke ngumu kwa sababu ni rahisi. Injini iliyopangiwa puli ya kuachia ikifungwa ngumu, mkanda utaanza kulia na tenshena mpya itakufa kabla ya wakati wake.

Mkanda ukiwa nje, zungusha kila puli kwa mkono. Beringi nzima ina uzito kidogo wa grisi na hukaa kimya. Aidla inayozunguka muda mrefu kwa kelele ya ukavu haina grisi tena. Inayokwaruza inajulikana. Shika kila puli uitikise pembeni, isiwe na mchezo.

Unaweza pia kuwasha injini bila mkanda kuona kama kelele imeondoka, lakini isizidi nusu dakika, maana wota pampu yako haizunguki na taa ya betri itawaka. Kelele ikibaki, haitoki kwenye mkanda kabisa.

---

#13 mtungi

Hapo FundiUmeme amegusa jambo. Kuna mlio wa kuchoma masikio ambao watu hubadilishia mikanda bure: mlio wa hewa. Diaframu (utando wa raba) ya valvu ya kupumua ya injini ikitoboka, hewa inavutwa kwenye tundu dogo na kulia kama mkanda. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa silensa. Mlio ukikata papo hapo, ni hewa.

---

#14 mshale77

Wakuu, chaki imeongea. Mstari umekatika, pete ya nje imehama karibu sentimita 2 kutoka alama ya kitovu. Na raba imechomoza upande wa mbele.

Puli ya alteneta iko sawa: inabana upande mmoja, huru upande wa pili. Aidla kimya. Tenshena ikizungushwa kwa spana inakwama katikati.

---

#15 Nyundo_ya_Shaba

Basi umepata. Puli ya krenki na tenshena, vyote viwili. Puli imekupa "chwi", tenshena imekupa "chwiiii". Na usicheleweshe ya krenki, raba ikiachia kabisa pete inaweza kutoka ikiwa inazunguka.

Kabla hujafungua bolti ya krenki, kitabu cha injini yako kikujibu maswali mawili. La kwanza: je, puli imeshikwa na kii, kile kichuma kidogo kwenye mfereji wa shafti? Kuna injini ambazo hazina. Puli na gia ya cheni vinashikiliwa na mkazo wa bolti peke yake, na ukilegeza bolti bila kufunga krenki na kamshafti (shafti inayofungua valvu) kwa vifaa vyake, taiming (mpangilio wa mzunguko wa hizo mbili) imepotea. La pili: je, bolti inatumika mara moja? Zile zinazozungushwa nyuzi kadhaa za pembe baada ya kukazwa kwa torki (nguvu ya kukaza iliyopimwa) hurefuka, zinabadilishwa.

Bolti hii hukazwa kwa nguvu kubwa, nyingi ni newtoni-mita 100 na kitu kupanda. Shikilia puli kwa kishikio chake. Usitumie stata kulegeza bolti, usibane pete ya nje kwa mnyororo, na usivute puli kwa kifaa kinachoshika pete ya nje: utaing'oa raba. Vuta kwa matundu ya kitovu.

Puli ikiwa nje, tazama sili ya mbele ya krenki. Ikiwa na unyevu wa oili, ibadilishe sasa, kwa sababu huenda hiyo oili ndiyo iliyoua raba.

---

#16 MamaGereji

Na mkanda wenyewe, mshale? Ule mpya ulishazungushwa kwenye puli iliyohama, ubavu wake wa pembeni unaweza kuwa umelika. Ukiwa na nyuzi au ukingo unang'aa, badilisha pamoja. Soma namba: 6PK1200, kwa mfano, ni mbavu 6, umbo la PK ambalo mbavu zake zimetengana kwa milimita 3.56, na urefu wa milimita 1,200. Tofauti ya milimita 5 mara nyingi tenshena huimeza. Ikifika 15 au 20, mkono wa tenshena unafanya kazi mwishoni mwa mwendo wake.

Piga mifereji ya puli zote kwa brashi ya shaba na dawa ya kusafishia breki, mkanda ukiwa nje. Kutu, mchanga na kipande cha raba kilichoganda kwenye mfereji mmoja vinatosha kutoa mlio kwenye mkanda mpya. Ukifunga, kabla ya kuwasha, pitisha kidole kwenye kila puli ya mifereji uhakikishe hakuna ubavu ulioning'inia nje. Hilo hutokea sana kwenye puli ya chini isiyoonekana.

---

#17 mshale77

Swali moja la mwisho. Tenshena mpya inakuja na pini ya kuishikilia. Naitoa lini?

---

#18 Spana13

Ukishafunga bolti yake kwa torki ya kitabu na mkanda ukiwa umekaa kwenye puli zote. Weka spana kwenye kichwa, beba mzigo kidogo, chomoa pini, kisha iachie taratibu kwa mkono. Usiichomoe na kuiacha iruke, mkono ukigonga kwa nguvu unaharibu kizuia mtikisiko siku ya kwanza. Halafu zungusha krenki kwa soketi mizunguko miwili, upande wake wa kawaida wa kuzunguka, angalia mkanda tena, ndipo upige stata. Baada ya hapo rudia kipimo cha maji na cha steringi, vyote viwili.